Uchafu kwa Jina la Warda

Sehemu ya Tisa

Picha haikufutika.

Hapo ndipo tulipomwacha Warda wiki jana, amekaa mbele ya kompyuta katika ofisi ya kupiga chapa ya Bwana Kombe, pale Ukunda, jirani na Diani, kidole kimemganda. Alibonyeza mara ya kwanza, picha ikabaki. Akabonyeza tena, laini ya simu ikakwama, na picha ikabaki vile vile, inamtazama.

Kichwa kilikuwa cha Biasha, msichana wa Gazi, mtu mzima wa miaka ishirini na miwili lakini mwenye haya hata ya kula mbele za watu. Mwili haukuwa wake. Mtu alikikata kichwa cha binti wa watu akakipachika juu ya mwanamke mwingine aliye uchi, kwa haraka na kwa ulafi, hata shingo ilikuwa na rangi yake na mabega yana rangi yao. Chini yake pameandikwa kwa Kiingereza na kwa Kijerumani: Wasichana wa Diani. Chagua wako.

Na aliyetia jina chini ya tangazo hilo ni Msimamizi wa Baraza. Yaani Warda mwenyewe.

Akanyoosha kidole abonyeze mara ya tatu.

Mlango ukasukumwa kwa kishindo.

"Shikamoo, Bi Mbodze," Warda aliinuka.

"Sikuitikii!"

Mamake Biasha alisimama kizingitini, leso imemteremka begani wala hana habari. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwakunjwa. Akaikunjua, akaibwaga mezani. Ilikuwa picha ile ile.

"Imetolewa kwenye mashine ya hoteli," alisema. "Ikapelekwa jikoni. Wapishi wameipitisha mkono kwa mkono kama sahani. Mpwa wangu yuko Maskati, amepiga simu kwa jirani kuuliza Biasha ameingia kazi gani siku hizi. Mimi sikusoma, Warda. Lakini uso niliouzaa naujua."

"Wallahi, Bi Mbodze, si mimi."

"Picha yake ya pasipoti alimpa nani?"

Warda aliitazama karatasi.

"Nakuuliza, alimpa nani?"

"Alinipa mimi."

"Basi!" Bi Mbodze alitema mate sakafuni, karibu na vidole vya miguu ya Warda. "Mwanangu hajala tangu jana. Amejifungia, anajisugua uso kwa jiwe la miguu. Kwa jiwe, Warda! Anasema anautoa uso ule ubaki mwingine."

Akatoka bila kwaheri. Karatasi ikabaki mezani, na Warda hakuthubutu kuigusa hata kuigeuza.

Wewe uliyeingia njiani leo, sikiliza kwa ufupi mambo yalivyofika hapa.

Mbwana, kijana wa Tiwi aliyekwenda Hamburg, alifungua ukurasa kwenye mtandao wa kompyuta akauita Baraza la Kusini, ili watu wa Diani, Msambweni na Wasini waliotawanyika duniani wapate pa kuzungumza. Wa Maskati waliulizia wazee wao. Wa London walipata habari za misiba kabla ya maziko. Mvua ya El Nino ilipokata barabara, humo ndimo watu walimojulishana nani amesalimika. Mbwana alimweka Warda, mchumba wake, kuwa msimamizi. Msaidizi alikuwa Shem, karani wa mapokezi katika hoteli moja ya Diani, mtu wa Kakamega aliyekuja kwa kazi akaipenda pwani. Hakuna aliyelipwa. Kazi yao ilikuwa kufagia.

Na takataka zilikuwepo! Dawa za kuongeza nguvu za kiume. Barua za tuma kwa wenzako kumi la sivyo utafikwa na mauti. Wanawake wa Kizungu bila nguo, wamesukumwa katikati ya tangazo la hitima ya mtu. Kila asubuhi Warda alifika kabla ya wateja, akafuta, kama mtu anayefagia uwanja ambao wapita njia wameufanya choo. Alikwisha zoea. Lakini takataka zile zililetwa na wasiojulikana kwao. Hii ilitoka ndani ya nyumba.

Kuandika kwa jina la msimamizi kulihitaji neno la siri. Waliolijua walikuwa watatu: Warda, Shem na Mbwana.

Na picha ya Biasha? Biasha alitaka kazi ya hoteli ng'ambo. Alimpa Warda picha, Warda akampa Shem aipitishe kwenye skana ya hotelini kwao, kisha ikatumwa kwa Mbwana amtafutie kazi.

Watatu wale wale.

Ni Shem, Warda alijiambia. Alilisema upesi, kama mtu anayefunga mlango kabla hajaona kilichomo chumbani.

Shem alifika mchana, bado yumo ndani ya sare ya kazi. Warda hakumsalimu. Alimwonyesha karatasi kwa kidevu.

"Umefanya nini, Shem?"

Shem hakuitazama karatasi. Alimtazama Warda.

"Hiyo nimeiona hotelini tangu asubuhi," alisema. "Uliza mdomo wangu."

Mdomo wa chini ulikuwa umevimba, una mpasuko mbichi.

"Mpishi mmoja aliibandika kwenye friji. Nikaibandua. Akaibandika tena. Hapo ndipo tukashikana. Na wewe unaniuliza nimefanya nini?"

"Skana ni ya hoteli yenu."

"Na neno la siri analo Mbwana pia. Mbona yeye humwulizi?"

"Usimtaje Mbwana!"

"Nitamtaja. Wacha nikwambie kitu, Warda. Mimi ni mtu wa bara. Hapa kitu kikiharibika, mtu wa bara ndiye wa kwanza kuangaliwa. Mwaka ule wa vita vya Likoni, walipofukuzwa watu wa bara, nilitoroka na begi moja kwa sababu hiyo hiyo. Nikarudi. Kila siku tangu Baraza lifunguliwe nimekaa na wewe tukifuta mavi ya watu, bure, kwa sababu nilifikiri hapa nimepata watu wangu. Kumbe bado niko na begi mkononi."



Kabla Warda hajajibu, pazia la ofisi ya ndani likavutwa, akatokea Bwana Kombe mwenyewe.

"Wateja wawili wamechukua kazi zao wakaenda," alisema kwa sauti ya chini. "Wanasema mahali hapa pamegeuka danguro. Warda, wewe ni binti mzuri, na mashine nilikuachia kwa moyo safi. Lakini Jumatatu jioni sitaki kuliona hilo baraza lenu humu. Ama liondoke, ama uondoke nalo."

Pazia likarudi.

Warda aligeukia kompyuta. Laini ilikuwa imefunguka. Akabonyeza, na safari hii kichwa cha Biasha kikatoweka, na mwili usio wake ukatoweka, na maandishi yakatoweka. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akabadilisha neno la siri.

"Umeweka lipi?" Shem aliuliza.

"Sikwambii."

"Na Mbwana?"

"Naye simwambii. Nitalala nalo peke yangu. Tuone nani atakayebisha hodi."

Shem aliitikia kwa kichwa, mara moja tu, akaenda zake.

Ijumaa ilipita. Jumamosi ikapita, na Jumapili. Baraza lilikuwa safi.

Safi kwa picha, nasema. Kwa maneno lilikuwa linawaka. Mtu wa Maskati aliandika: Warda ni kuwadi. Wa London akaandika: binti wa Tiwi anauza dada zake kwa Wajerumani. Mwingine, asiyetaja jina, aliandika kwamba nyumba ya babake Warda inajulikana ilipo na mawe yako mengi barabarani.

Yale Warda hakuyafuta. Kidole kilitaka, lakini alikizuia. Takataka ni takataka, alijiambia, lakini uchungu wa watu si takataka. Wangejuaje kuwa si yeye, ikiwa jina lake ndilo lililokuwa pale chini? Aliyasoma yote, moja moja, kisha akaenda kunawa mikono. Alinawa kwa sabuni, akanusa vidole, akanawa tena. Harufu hakuiona, na bado alijiona ananuka.

Jumatatu asubuhi simu ya ofisi ililia.

"Mpenzi," sauti ya Mbwana ilikuwa laini kama kawaida yake. "Hujambo?"

"Sijambo. Za huko?"

"Huku baridi tu. Nasikiaje, kuna nini na Baraza? Naingia, naambiwa sina ruhusa."

Warda alisubiri. Alisubiri aulize habari za Biasha. Alisubiri aulize nani amemchafulia mchumba wake jina mbele ya dunia nzima. Mpwa wa Bi Mbodze kule Maskati, ambaye Warda hamjui, alikuwa ameuliza. Jirani wa Gazi ameuliza. Mbwana aliuliza habari za ruhusa.

"Nilibadilisha neno," Warda alisema polepole.

"Vizuri, usalama ni muhimu. Sasa ni lipi?"



"Amana," alisema. "Neno ni amana."

"Zuri sana. Mungu akuweke."

Alipoweka mkono wa simu chini, hapo hapo akaunyanyua, akapiga hotelini. "Shem, tafadhali njoo. Sitaki kuwa peke yangu nitakapojua."

Shem aliomba ruhusa, akaja. Wakakaa bega kwa bega mbele ya kioo. Warda alibonyeza ukurasa ujifungue upya. Safi. Wakanywa chai ya rangi iliyokwisha poa. Akabonyeza tena. Safi. Matumaini yakaanza kumnyemelea Warda, matumaini ya kijinga yasiyojua kukata tamaa. Labda si yeye. Labda wezi wa kompyuta waliiba picha njiani. Labda kabla ya Ramadhani ile arusi itakuwepo bado, na wote watacheka.

Adhuhuri ilipita. Akabonyeza.

Ukurasa ulijifungua kutoka juu kwenda chini, mstari kwa mstari, kama pazia linaloteremshwa. Nywele zikaja. Kisha paji la uso. Kisha macho ya Biasha.

Na chini ya Biasha, wengine wawili. Mmoja alikuwa na kipini puani. Warda alimjua, ni mke wa mtu pale Msambweni, mama wa mapacha. Alipigwa picha ile ili Mbwana amtafutie kazi ya usafi ng'ambo. Sasa alikuwa na kiwiliwili cha mwanamke wa Kizungu aliyelala chali, na bei imeandikwa kitovuni.

Msimamizi wa Baraza. Warda.

Shem aliinua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyeelekezewa bunduki. "Niko hapa, Warda. Sijagusa kitu."

"Najua," Warda alisema. "Nilijua tangu siku ile. Nisamehe."

Na hapo hakuweza tena. Alilivuta pipa la karatasi taka, akainama, akatapika chai, akatapika hata kisichokuwemo tumboni. Shem alimshikia mtandio usiingie.

Alipoinuka, macho yalikuwa mekundu lakini makavu. Alifuta picha ya kwanza. Akafuta ya pili. Akafuta ya tatu. Akabadilisha neno la siri, na safari hii akamwandikia Shem lile jipya kwenye kiganja cha mkono. Kisha akaanza kuivua pete ya posa. Iligoma kwenye kifundo cha kidole. Akaitia mate, ikateleza, na akaitupa mle mle pipani, juu ya matapishi.

"Dhahabu hiyo," Shem alinong'ona.

"Si dhahabu. Ni uchafu wenye rangi."

Jua lilikuwa limekwisha kuinama simu ilipolia tena.

"Umenifungia nje?" Mbwana hakumwita mpenzi safari hii.

"Nimekufungia."

"Baraza ni langu, Warda. Nimelianzisha mimi."

"Na nyuso zile ni zako? Yule mama wa mapacha ulimzaa wewe?"

Mbwana akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka kuvaa barakoa.

"Ni picha tu, Warda. Nani ameguswa? Wazungu wanatazama, wanaandika barua, wanapanda ndege wanakuja. Hoteli zinajaa. Hao wasichana walitaka Wazungu, sasa Wazungu wanawafuata kwao. Wewe unafikiri gauni lako la arusi lingetoka wapi, mbinguni?"

"Biasha alitaka kutandika vitanda."

"Basi si vitanda hivyo hivyo?"

Warda alishikwa na kinyaa hata akauweka mkono wa simu mbali na sikio, kama mtu aliyeingizwa kidole chenye mafuta sikioni. Sauti hii ndiyo aliyokuwa akilala akiiwaza. Kwa sauti hii alikubali posa, na babake akasoma Fatiha.

"Kwa nini jina langu?" aliuliza.

"Kwa sababu ni safi," Mbwana alijibu, tena kwa upole. "Mgeni akiona msimamizi ni mwanamke wa hapa hapa, haogopi. Jina chafu haliuzi, mpenzi."

Shem, aliyekuwa ameliegemeza sikio lake karibu, alikunja ngumi akasogea mbali na simu.

Ndipo adhana ya Alasiri ikaanza.

Iliingia dirishani kutoka msikiti mdogo wa nyuma ya soko. Kipaza sauti chao kilikuwa kimeungua wiki ile, na mwadhini, mzee mwenye kifua kibovu, alikuwa akiadhini kwa koo lake mwenyewe. Alitamka Allahu akbar mara mbili, akakwama, akakohoa kikohozi kirefu chenye mluzi, kisha akaendelea.

Warda alikisikia kikohozi kile kwa sikio la kushoto, kutoka dirishani.

Akakisikia kwa sikio la kulia, kutoka ndani ya simu.



"Mbwana," alisema, "Hamburg nako kuna adhana?"

Simu ilinyamaza. Katika kimya kile mzee alikohoa tena, mara mbili kwa wakati mmoja: dirishani na simuni.

"Haya," Mbwana alisema mwishowe. "Tusifichane. Niko nyumbani, mwezi sasa. Na kwa kuwa umejifanya hodari wa kufunga milango, zungumza na mgeni wangu kidogo."

Kukasikika kishindo, kisha pumzi za mtu.

"Da Warda?"

Ilikuwa sauti ya Biasha.

"Da Warda, gari ulilonitumia limenileta. Dereva alisema unaningoja nitie sahihi ili picha zifutwe zote. Mbona wewe hupo? Na huyu kaka simjui, amefunga mlango kwa..."

Simu ikakatwa.

"Amesema nini?" Shem alikuwa amekwisha simama. "Warda! Amesema nini?"

"Amemchukua Biasha. Kwa jina langu."

"Twende polisi."

"Tukifika, tukaandikisha, tukaambiwa tungoje afisa, atakuwa wapi yeye?"

"Basi tumtafute wapi? Diani yote ni nyumba za kupangisha na kuta ndefu!"

Warda aliinua mkono kumnyamazisha. Mzee wa msikitini alikuwa amefikia Hayya ala-ssalah, sauti inakwaruza, inapanda kwa taabu, inakatika. Ilikuwa sauti dhaifu. Wenye maduka ya barabara kuu hawakuisikia, alijua hivyo. Wiki nzima walikuwa wakilalamika kwamba swala inawapita.

"Si Diani yote," alisema. "Koo la mzee haliendi mbali. Nyumba aliyomo imeisikia adhana hii kama ninavyoisikia mimi."

Hawakufunga mlango. Walikata sokoni, wakapita kati ya mafungu ya maembe na vikapu vya dagaa, wanawake wakimgeukia Warda na kusonya, mmoja akimwita kuwadi, lile jina la Maskati, kwa sauti. Hakusimama. Walizunguka ukuta wa msikiti. Nyuma yake kulikuwa na vibanda vya makuti, shamba la mihogo, na nyumba moja tu ya mawe, yenye lango la chuma na ukuta uliopandwa chupa zilizovunjwa. Waya wa simu ulitoka kwenye nguzo ya barabarani ukaingia chini ya paa lake.

Shem aliokota jiwe. Warda alinyanyua mkono agonge lango.

Lango lilifunguka kabla hajagonga.

Alikuwa Mbwana. Kanzu nyeupe, imepigwa pasi. Kofia ya viua kichwani. Tasbihi mkononi, na miguuni viatu vyepesi vya mtu anayekwenda kuswali jamaa. Manukato yake yalimfikia Warda kabla ya salamu.

"Asalaam aleikum," alisema kwa tabasamu. "Bibi arusi wangu amekuja kwa miguu yake."

"Biasha yuko wapi?"

Mbwana alisogea kando kwa adabu, kama mwenyeji anayekaribisha wageni, ili waone vizuri. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, chumba kitupu, simu iko sakafuni. Lango la pili, la upande wa nyuma, lilikuwa linayumba lenyewe, na juu ya njia ya mchanga vumbi la gari lilikuwa bado halijatua.

"Umechelewa kidogo," alisema, akizungusha tasbihi. "Lakini usihofu, Warda. Hati zake za safari zina jina la mdhamini, na polisi wakiuliza nani aliyempeleka, jina hilo wataliona. Unalijua ni la nani."